Chumvi ya Kwini, Damu ya Waithira

Katika boma la Ngatia pale Gatitu, Nyeri, mwaka wa sabini na tisa, kulikuwa na kiumbe mmoja tu ambaye afya yake ilijulikana vizuri, na kiumbe huyo alikuwa na kwato. Jina lake Kwini. Alikuwa ng'ombe wa gredi, chotara wa kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe, kiwele kama gunia la sukari, na alilala kwenye banda la sakafu ya simiti wakati jiko la nyumba lilikuwa bado la udongo. Kwini alikuwa na jiwe lake la chumvi ya kulamba, jekundu, limening'inizwa kwa kamba. Alikuwa na unga wake wa madini. Alikuwa na daktari wake. Waithira, aliyemkamua alfajiri na jioni, alikuwa na ndoo.

Sifa za Kwini zimeimbwa vya kutosha. Hapa nitasema habari za mwenye ndoo.

Waithira alizaliwa Kangari, upande wa Murang'a, na wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, alikuwa mtoto wa kubebwa na kuteremshwa. Watu walikuwa wamefungiwa kijijini, mtaro huku, mtaro kule, shamba huendi mpaka askari apende. Mama yake, Wachuka, aliwalisha watoto wake kwa thabai, yale majani ya kando ya njia yanayowasha mkono kama moto lakini yakichemka yanalainika na kugeuka kijani kibichi kabisa. Thabai asubuhi, thabai jioni, na wote wakatoka hai. Kwa shukrani, uhuru ulipokuja, watu wakayatupa. Yalionekana chakula cha dhiki. Mtu huru hali kitu kinachouma. Mtu huru anakula mkate mweupe na kunywa chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikawa na rangi ya matofali, na anainywa kabla ya chakula, pamoja na chakula na baada ya chakula, ili majirani wajue bendera imebadilishwa.

Chai Waithira aliijua. Msichana wa Kangari aliichuma tangu vidole vyake vilipofikia juu ya mche. Alipoolewa Gatitu alikuja na mikono myepesi na kiuno kigumu, na Ngatia alijua thamani ya vitu hivyo viwili.

Huyu Ngatia alikuwa karani wa chama cha wafugaji. Tena mzee wa kanisa. Alitembea na kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa haiandiki. Kazi yake aliyoipenda zaidi ilikuwa kuwasomea wanachama maagizo ya kufuga kisasa, na niseme ukweli, alisoma vizuri. Alisimama mbele ya duka la chama akawaambia kwamba ng'ombe asipopata chokaa mifupa inalegea, asipopata shaba manyoya yanapoteza rangi, asipopata kobalti anakonda na huku nyasi zimejaa horini. Kisha anashusha sauti kama mtu anayefikia mahubiri yenyewe. "Na ukimwona ng'ombe wako anakula udongo, ama analamba ukuta, usimpige. Huyo si mjinga. Huyo anakuambia kitu."

Wanachama walitikisa vichwa. Wakaenda nyumbani wakawatazama ng'ombe wao kwa heshima mpya.

Mwaka huo Waithira alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, na hizo nyingine zilifuatana kama wanafunzi kwenye mstari. Mwezi wa tano wa mimba akaanza kutamani udongo. Alinunua yale mawe laini ya kutafuna ambayo akina mama huuza sokoni bila kuyapigia kelele. Yakiisha, alimega ukuta wa jiko, pale nyuma ya mlango. Akipanda kutoka mtoni na maji alisimama mara kwa mara, mkono kifuani, akisikia moyo unapiga masikioni. Siku moja, akiwa ametoka kukamua, akasogea kwenye lile jiwe jekundu la Kwini, akapangusa upande mmoja kwa leso, akalamba.

Ngatia aligundua. Ulimi wa ng'ombe huacha mtaro mpana, na hapa palikuwa na kamtaro ka adabu kando yake. Akamvizia, akamkuta.

Sasa hapa ndipo ungetarajia karani akumbuke mahubiri yake. Lahaula.

"Mama Ngendo," alisema, maana binti yao wa kwanza ni Ngendo, "wewe unashiriki meza ya Bwana, halafu unalamba chumvi ya ng'ombe?"

"Na Kwini akilamba ukuta, wewe husema nini?"

"Kwini hana akili."

"Haya," alisema Waithira, akachukua ndoo. "Basi kosa langu ni kuwa na akili."

Ngatia alilipandisha lile jiwe juu zaidi, mpaka Kwini mwenyewe akawa analilamba kwa kunyoosha shingo. Kisha akaenda kuisimulia habari hiyo dukani kama kichekesho. Walicheka sana, wale wale waliotikisa vichwa.

Kliniki, Waithira alipokelewa na Sista Kagendo, muuguzi kutoka Meru, mwanamke asiyepoteza neno. Sista alimvuta kope la chini akaangalia ndani, akakuta kweupe. Akamwambia damu yake imepungua, mwili hauna madini ya chuma, na mtoto tumboni anachukua hata hicho kidogo kilichopo. Akampa vidonge vya damu. Akamwambia ale nyama akiipata, maini akiyapata, njahi, yale maharage meusi ya wazazi, na mboga za kijani hata asipopata kingine. Hakumuuliza atavimeza na nini. Na nani angeuliza? Nyeri watu humeza kila kitu kwa chai: dawa ya kichwa, dawa ya minyoo, hata habari mbaya.

Waithira alimeza vidonge vyake kwa uaminifu, kila baada ya chakula, na kikombe cha chai nzito. Mwezi ukaisha, damu haikurudi. Ngatia akaamua kwamba ugonjwa usiosikia dawa ni uvivu.

Lakini Waithira alikuwa na tegemeo lake, nalo lilifungwa kwenye pembe ya jiko. Alikuwa amenunua mwana-kondoo dume kwa pesa za mboga zake mwenyewe, akamnenepesha humo ndani, gizani, kwa majani ya viazi vitamu, kama mama yake alivyofanya na nyanya yake kabla yake. Kondoo wa namna hiyo huchinjwa mwanamke akijifungua. Mafuta yake, supu yake na nyama yake ni vya mzazi, pamoja na njahi zilizopondwa, mpaka rangi imrudie usoni. Waliotunga desturi hiyo hawakuwahi kuona kidonge. Walikuwa wameona wanawake wanaozaa, na wakatazama.

Waithira akahesabu pumzi zake akijiambia, nikifika kwa kondoo nimepona.

Wote wawili walizaa wiki moja, yeye na Kwini. Waithira alizaa msichana, na kwa kuwa alikuwa msichana wa pili akaitwa jina la bibi yake wa upande wa mama, Wachuka. Damu ilimtoka nyingi. Siku iliyofuata Kwini naye akazaa ndama jike, na boma zima likashangilia huyo wa pili.

Kesho yake Kwini alianguka. Alilala chini bandani, shingo imepindwa ubavuni, masikio baridi, macho yanatazama mbinguni. Ngatia alikimbia. Mtu wa kalamu mbili, mzee wa kanisa, alikimbia na tai shingoni mpaka kwenye simu ya chama, na kabla ya chai ya saa nne Land Rover ya daktari wa mifugo ilikuwa imesimama uani. Alikuwa Peterson Kaburu, Mmeru mrefu mwenye buti za mpira. Aligusa masikio ya ng'ombe, akatoa chupa, akaiinua juu, na ile dawa ya kalsiamu ikaingia polepole kwenye mshipa. Majirani walijaa kama mazishini. Kwini alitetemeka, akacheua, akanya, akasimama. Watu walipiga makofi.

Ngatia aliuliza ni kitu gani kilimpata, na Kaburu alijibu huku akifuta sindano. "Amezaa, na maziwa yameanza kutoka mengi. Anatoa kuliko anachopata. Mama yeyote akitoa hivyo, ataanguka tu."

Wanawake waliokuwa pale walitazamana. Ngatia aliitikia kwa kichwa, akairudia sentensi hiyo kimoyomoyo ili aisome dukani Jumamosi. Mlangoni pa jiko, Waithira alikuwa ameshikilia mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na hakuna aliyegeuka kumwangalia.

Alipomuuliza mumewe kondoo atachinjwa lini, Ngatia alikohoa. Kumbe kondoo alikuwa na mwito mwingine. Maonyesho ya kilimo ya Nyeri yalikuwa yanakaribia, na kamati ya chama ingepita kuchagua ng'ombe mmoja wa kuwakilisha wote. Kamati hailainiki kwa maji. Kwa hiyo kondoo angechinjwa siku ya kamati, kwa heshima ya Kwini. Halafu, akaongeza, mambo ya kunywa mafuta ya kondoo ni ya ushenzi, na yeye kama mzee wa kanisa alikwisha kununua mkate, na chai, na sukari ya kutosha. Siku hizi hivyo ndivyo wazazi wanavyotunzwa.

Waithira alikula mkate. Alikunywa chai. Vidonge vikafuata. Alikamua, akachota maji ya Kwini, maana aliyetoka kuugua anahitaji maji mengi. Midomo ikawa na rangi ya majivu. Kucha zikawa nyeupe. Maziwa ya mtoto yakapungua, na mtoto akalia kile kilio chembamba kisicho na hasira. Ngatia akalalamika kwamba kelele zinamsumbua ng'ombe.

Kaburu aliahidi kurudi kumwangalia Kwini. Asubuhi aliyotarajiwa, Waithira aliamka, akamfungua Kwini, akamfunga nje kwenye mti wa mparachichi. Akatandika majani mabichi juu ya ile simiti. Akalala pale, bandani, mtoto kifuani, chini ya jiwe la chumvi.

Ngatia alimkuta hivyo na akadhani amepagawa. Alimwamuru aamke. Alimuuliza daktari akija ataonaje.

"Ataona mgonjwa," Waithira alisema. "Baba Ngendo, hapa ndipo mtu akianguka huitiwa daktari. Nimekuja kuanguka mahali pake."

Land Rover ikaingia. Kaburu alitazama ng'ombe nje, akatazama mwanamke ndani, na kwa heshima yake nasema hakucheka. Alichuchumaa. Akaomba ruhusa, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba, vile anavyowafanyia mbuzi wenye minyoo.

"Karani, huyu angekuwa mbuzi, ningekuambia andaa kisu."

"Ni uchovu tu, daktari."

"Na angekuwa ng'ombe, ungeniita tangu juma lililopita."

Alimbeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari, akamlaza pale zinapokaa chupa. Ngatia alikimbia kando ya dirisha akiuliza, na Kwini je? Kaburu alimwambia Kwini ni mzima, anakula parachichi zake.

Hospitalini waliita Sista Kagendo kutoka kliniki, naye alipoona ni yule yule alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Alimtaka aeleze. Vidonge ulimeza? Nilimeza. Vyote? Vyote, Sista, haki ya Mungu, hata kimoja sikukosa. Na ulimeza na nini?

"Na chai," Waithira alisema, akishangaa kwamba kuna kitu kingine.

Sista alikaa kitandani. Akamweleza pole pole kwamba chai inakamata kile chuma tumboni na haikiachilii, inatoka nacho. Kwamba chuma cha maharage na cha mboga nacho hufanywa hivyo hivyo. Kwamba vidonge vyote vile vilipita ndani yake kama wageni wasiokaribishwa. "Ati mmekuwa mkila mezani na mwizi," alisema. "Na mimi sikuuliza. Huku kwenu ilifaa niulize hilo kwanza, kabla ya jina."

Waithira alifikiria ile michai ya Kangari, vikapu na vikapu alivyojaza tangu utotoni, na akasema jambo ambalo Sista alilirudia kliniki miaka mingi: kwamba kumbe amekuwa akiichuma, nayo ikimchuma.

Aliongezwa damu. Ilitoka kwa kijana mmoja wa chuo cha polisi cha Kiganjo, maana wao hupangwa mstari na kutoa, watake wasitake. Gatitu hawakosi la kusema. Wakasema ndiyo maana alirudi akitoa amri.

Alirudi na mama yake Wachuka, aliyetoka Kangari na njahi kwenye kiondo na fungu la thabai limefungwa kwa jani la mgomba. Walirudi usiku wa kuamkia siku ya kamati. Ngatia hakupinga mkwewe kuja. Ni nani angepinga? Lakini kondoo alimchinja asubuhi yeye mwenyewe, akachuna, akakata, akapeleka nyama jikoni ipikwe, akaenda kuvaa tai.

Hilo ndilo kosa alilofanya, na ni msomi tu anayeweza kulifanya. Aliacha desturi zote lakini akasahau kwamba desturi hazijamwacha.

Mwanamke akijifungua, majirani humletea kuni, maji na uji. Huitwa itega. Itega ya Waithira ilikuwa imechelewa kwa sababu ya hospitali, na wanawake wakachagua kuileta siku hiyo. Walikuja mstari mzima, mizigo ya kuni mgongoni, wakaingia jikoni wakiimba, na jiko lenye itega mwanaume haingii. Na mlangoni, juu ya kigoda, alikaa Wachuka. Mwanaume wa Gikuyu anaweza kubishana na Mungu, na Ngatia alifanya hivyo kila Jumapili, lakini hawezi kumsukuma mama mkwe wake apite. Hata kumkazia macho hawezi.

Kamati ilifika. Mwenyekiti Gicheru na wenzake walimzunguka Kwini, wakamshika kiwele, wakasema mhm. Kisha wakanawa mikono, wakakaa kwenye viti uani, vidole vikidondosha maji. Harufu ya nyama iliwapitia. Wakatabasamu.

Ngatia alikwenda jikoni. Akasimama mbali kidogo, macho ardhini, akasema kwa upole kwamba wageni wako tayari.

"Hata sisi tuko na mgeni," alisema Wachuka. "Ana jina langu, na mama yake hana damu. Kondoo aliyenenepeshwa na mzazi haliwi na kamati, mkwe wangu. Au kanisani siku hizi mnafundishana hivyo?"

Ngatia aliita kwa sauti, juu ya kichwa cha mkwewe. "Mama Ngendo. Hawa watu wamenawa mikono."

Jibu lilitoka gizani, na wanawake walinyamaza ili lisikike. "Wapelekee chai, Baba Ngendo. Iko kwenye chupa. Na mkate upo. Si ndivyo wanavyotunzwa watu siku hizi?"

Na kamati ikanywa chai. Mwenyekiti Gicheru aliuliza ile harufu inatoka wapi, na Ngatia akasema ni ya mgonjwa, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumtoka. Walitafuna mkate mweupe, mikono yao safi kabisa. Kwini hakuchaguliwa. Walichagua ng'ombe mwingine ambaye, kwa ile bahati inayowapenda wenyeviti, alikuwa wa mwenyekiti. Angechaguliwa hata wangekula kondoo wawili.

Mwaka huo huo, upande wa pili wa bonde, walizika mama mmoja aliyeanguka na ndoo. Walimzika kwa nyimbo nzuri. Waliandika msalabani kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, wakamsingizia Bwana, na baada ya mazishi wakaenda kunywa chai. Ng'ombe wake walipewa chumvi jioni ile ile, wasije wakapungukiwa.

Waithira alikunywa supu bakuli baada ya bakuli, na thabai ndani yake, akala njahi, akanyonyesha. Baada ya wiki kadhaa alikwenda bandani kukamua bila kusimama njiani. Aliweka ndoo chini, akalifikia lile jiwe jekundu kwa ncha za vidole, akalegeza kamba. Akaliteremsha mpaka mahali Kwini angelilamba bila kunyoosha shingo.